Anayetaka Kuisoma Miji Asome Nini?

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wazazi wengi hukutana na majina ya shahada ambazo hawakuwahi kuzisikia. Udaktari, sheria, uhandisi na uhasibu hazihitaji kuelezwa. Lakini mtoto anaposema kwamba anataka kusoma mipangomiji, au taaluma za miji kwa jumla, sebule hunyamaza kidogo, kisha mtu mmoja huuliza kama hiyo ndiyo kazi ya kupima viwanja. Upimaji wa viwanja unagusana nayo, lakini si yote. Makala haya yanakusudia kueleza kile ambacho shahada hiyo inamdai mwanafunzi. Na kwa kuwa jarida hili linatoka katika chuo cha tiba, yanakusudia pia kusema ni kipi ambacho sisi matabibu tungependa kiongezwe katika madai hayo.

Huenda msomaji akashangaa tabibu anatafuta nini katika shamba la jirani. Mimi hutibu watoto. Wengi wao huletwa na maradhi ambayo mzizi wake uko mahali wanapoishi: kuhara kutokana na maji ya kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka chooni, malaria, vifua vinavyobana kwa moshi, mifupa iliyovunjwa na pikipiki katika barabara isiyo na njia ya waendao kwa miguu. Dawa ninaweza kuiandika kwenye cheti, mtaro siwezi. Anayeweza kuuandika mtaro ni mtu aliyesoma miji, naye akiusahau, mtoto yuleyule hurudi wodini masika yanayofuata.

Idadi ya wahusika si ndogo. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Tanzania na watu 61,741,120, na takribani asilimia 35 kati yao wanaishi mijini. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulikuwa na watu 5,383,728, kutoka 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012. Maana yake ni kwamba katika miaka 10 mkoa mmoja uliongeza zaidi ya watu 1,000,000. Wote hao walipata mahali pa kulala, na kwa wengi mahali hapo hapakuwa pamechorwa na mtu yeyote kabla hawajafika.

Tuanze na mlango wa kuingilia. Kwa waliomaliza kidato cha sita, sharti la jumla la kujiunga na shahada ya kwanza nchini Tanzania ni kufaulu masomo mawili yanayotambuliwa na programu husika kwa jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Masomo yenyewe hutofautiana kati ya programu na programu, kwa hiyo mzazi asitegemee habari za jirani ambaye mwanawe aliingia miaka mitatu iliyopita. Asome mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka huohuo. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba kijana aliyependa Jiografia na hakuikimbia Hisabati atajikuta nyumbani.

Chuo kinachojulikana zaidi nchini kwa taaluma hii ni Chuo Kikuu Ardhi, kilichoanza mwaka 1956 kama kituo cha kufundishia wapimaji, kikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1974, kikaungana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Hapo mipangomiji husomwa kama fani ya kazi: mwanafunzi huchora, huingia studio, huenda uwandani, na anayehitimu huweza baadaye kuomba kusajiliwa na bodi ya taaluma yake. Kuna mkondo mwingine, ulioenea zaidi Marekani, ambamo miji husomwa kama somo la jumla la sanaa na sayansi za jamii. Huko mwanafunzi hukusanya kozi kutoka idara mbalimbali, yaani historia, uchumi, sosholojia, siasa na takwimu, kisha huzifunga pamoja kwa kazi ya uwandani na tasnifu. Mkondo wa kwanza humtoa mtu anayejua kupanga. Wa pili humtoa mtu anayejua kuuliza. Kwa maoni yangu jiji lenye haraka kama letu linawahitaji wote wawili, na ikibidi kuchagua, ningependa anayepanga ajifunze kwanza kuuliza.

Historia ndilo somo ambalo wanafunzi wengi huliona kama mzigo wa kubebwa mpaka wafike kwenye michoro. Ninalitanguliza kwa sababu linatuhusu matabibu, wala si kwa sifa njema. Mwaka 1897 Ronald Ross alithibitisha uhusiano wa mbu na malaria. Ugunduzi huo ungeweza kuwa hoja ya kufukia madimbwi ya watu wote. Badala yake, katika miji mingi ya makoloni, ulitumika kuwatenga watu. Freetown, Sierra Leone, Wazungu walijengewa makazi yao kilimani, yakakamilika mwaka 1904, na reli ya kuwapandisha na kuwateremsha kazini, ili walale mbali na watoto wa Kiafrika waliodhaniwa kuwa ghala la vimelea. Nairobi, tauni ilipozuka mwaka 1902, maafisa waliamua kulichoma moto soko la Wahindi.

Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Afrika Mashariki Profesa William John Simpson, tabibu aliyewahi kuwa afisa afya wa jiji la Calcutta, achunguze hali ya usafi katika miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar. Alipendekeza makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika yatenganishwe, na kati yao yaachwe maeneo ya wazi. Mpendekezaji hakuwa mpimaji wala askari. Alikuwa mwenzetu, mwenye shahada ya tiba, na hoja yake aliiandika kwa lugha ya usafi na kinga. Katika Dar es Salaam ya Waingereza, uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Kariakoo na sehemu za Wahindi na Wazungu, na afya ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotolewa. Vijana wanaopita hapo leo hawana habari kwamba wanakanyaga ukanda uliokusudiwa kuwatenga babu zao. Mwanafunzi wa miji anapaswa kuwa na habari. Mstari uliochorwa kwa hoja ya mbu uliamua pia fedha za maji na mitaro zielekezwe wapi kwanza, na uamuzi wa namna hiyo hudumu ardhini muda mrefu kuliko serikali iliyouweka.

Somo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni uwandani. Hapa sina budi kumtaja W. E. B. Du Bois. Mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya kupata shahada ya uzamivu ya Harvard, alialikwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuchunguza maisha ya Wamarekani weusi wa Philadelphia. Cheo alichopewa kilikuwa duni kuliko elimu yake. Alihamia na mkewe katika Kata ya Saba, akapita nyumba kwa nyumba na madodoso yake, akiuliza idadi ya watu, vyumba, kodi, kazi, mahali walikozaliwa. Kwa hesabu yake mwenyewe alizitembelea familia zipatazo 2,500. Kitabu kilichozaliwa na kazi hiyo, The Philadelphia Negro, kilitoka mwaka 1899, na kina sura nzima juu ya afya.

Uzito wa sura hiyo huonekana ukijua kilichokuwa kikisemwa wakati huo. Mwaka 1896 mtakwimu wa kampuni ya bima, Frederick Hoffman, alikuwa amechapisha kitabu kilichodai kwamba vifo vingi vya watu weusi vilitokana na udhaifu wa asili ya rangi yao. Du Bois alikuwa na takwimu za vifo kama Hoffman, lakini alikuwa pia ameingia vyumbani. Alijua nyumba zisizo na hewa, vyoo vya kushirikiana, kazi za kuchosha na ujira mdogo. Kifua kikuu kilikuwa mbele katika orodha ya vifo, naye akakieleza kwa hali ya maisha wala si kwa damu. Tofauti ya wasomi hao wawili haikuwa katika ustadi wa kujumlisha. Mmoja alibisha hodi kwenye milango, mwingine hakubisha.

Jambo kama hilo lilikuwa limetokea London mwaka 1854. Wanafunzi wa tiba hufundishwa habari za John Snow na pampu ya Broad Street, na wengi hudhani ramani yake ilitosha. Hawaambiwi sana habari za Henry Whitehead, kasisi kijana wa mtaa huo, ambaye mwanzoni hakuikubali nadharia ya Snow. Whitehead aliwajua waumini wake kwa majina. Alirudi nyumba baada ya nyumba akiuliza nani alikunywa maji ya wapi, na ndiye aliyegundua habari za mtoto mchanga wa nyumba namba 40, ambaye nepi zake zilifuliwa na maji yake kumwagwa katika shimo la taka lililokuwa karibu na kisima. Mtaalamu alikuwa na nadharia, kasisi alikuwa na mtaa. Programu ya taaluma za miji isiyompeleka mwanafunzi mtaani kwa wiki nyingi, akarudi na viatu vyenye tope, inamnyima kile alichokuwa nacho Whitehead.

Takwimu nitazieleza kwa njia ya tabibu. Hospitali inawajua waliofika. Haiwajui waliougua wakabaki nyumbani, na wala haijui idadi ya watu wa mtaa ambao mgonjwa ametoka. Tuchukue mfano wa kubuni. Kata mbili zimeleta wagonjwa 40 wa kuhara kila moja katika mwezi mmoja. Wodini zinaonekana sawa. Lakini kata ya kwanza ina watu 10,000 na ya pili ina watu 80,000. Katika ya kwanza wameugua watu 4 katika kila 1,000. Katika ya pili ni mmoja katika kila 2,000. Hatari imetofautiana mara nane, na daktari aliyekaa na daftari la wodi hataiona. Anayekijua kigawanyo ni mtu wa miji: ndiye mwenye sensa, ramani ya kata, idadi ya nyumba na makadirio ya wapangaji kwa chumba. Sisi tuna namba ya juu ya mstari wa sehemu, yeye ana namba ya chini, na mara nyingi hatujuani hata majina.

Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 2015 kiliendelea nchini kwa zaidi ya miaka miwili, na kufikia mapema mwaka 2018 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 30,000, Bara na Zanzibar. Katika mlipuko wa namna hiyo swali la kwanza huwa ni mtaa gani, kisima kipi, mtaro upi. Hayo si maswali ya maabara.

Kuhusu ramani, mfano bora ninaoujua uko hapahapa nyumbani. Mwaka 2004 ulianza Dar es Salaam mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15. Wakazi waliochaguliwa kutoka mitaa yao wenyewe walipewa jukumu la kuzungukia maeneo yao kila wiki, wakitafuta maji yaliyotuama na viluwiluwi vya mbu. Baadaye, kuanzia mwaka 2006, kata tatu zilianza kuwekewa katika madimbwi hayo dawa itokanayo na bakteria inayoua viluwiluwi. Kazi iligawanywa kwa mashina ya nyumba kumi, kwa sababu kila mtu anamjua balozi wake na mpaka wa shina lake. Wahusika walichora kwa mkono michoro ya mashina, kiwanja kwa kiwanja. Ndipo michoro ilipolinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, na ikaonekana kwamba kulikuwa na maeneo ambayo hayakuwamo katika mchoro wowote. Hayakuwa ya shina lolote, kwa hiyo hayakuwa ya mtu yeyote, isipokuwa mbu.

Napenda sana mfano huu, kwa kuwa unaonyesha kwamba hakuna upande uliokuwa na maarifa yote. Picha ya angani haikuweza kusema kisima hiki ni cha nani wala mlango huu hufunguliwa saa ngapi. Balozi naye hakuweza kuona pengo lililo kati ya shina lake na la mwenzake. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishiriki pamoja na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya kata hiyo, na kuanzia mwaka 2015 kazi ya aina hiyo ilipanuliwa katika jiji chini ya mradi wa Ramani Huria. Mwanafunzi anayejifunza mifumo ya taarifa za kijiografia kwenye kompyuta pekee, bila mjumbe wa mtaa wa kumsahihisha, atatengeneza ramani nzuri ya kutundika ukutani.

Uchumi na nadharia za miji nitavipita upesi. Ni vya lazima na vitabu vyake vipo. Sheria ya ardhi nayo huonekana kavu mpaka mtu aione ikifanya kazi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni za mwaka 1999, Sheria ya Mipango Miji ni ya mwaka 2007, na Sheria ya Afya ya Jamii ni ya mwaka 2009. Mwanafunzi azisome pamoja, kwani hukutana chooni. Fikiria nyumba ya wapangaji saba katika makazi yasiyopangwa, yenye choo kimoja cha shimo. Shimo limejaa. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika kwa sababu njia ni ya mtu mmoja na ndoo yake. Mwenye nyumba anangoja mvua kubwa, kisha usiku wa manane anatapisha choo, na asubuhi watoto wanavuka uchafu huo kwenda shule. Tunaweza kumtoza faini, na sheria inaruhusu. Lakini tatizo lilianza siku majirani walipojenga ukuta kwa ukuta, na dawa yake ni njia yenye upana wa kupitisha gari.

Njia hiyo itatoka wapi? Katika kurasimisha makazi, mtu wa mipangomiji hukaa na majirani chini ya mwembe na kuwaomba kila mmoja aachie hatua mbili tatu za kiwanja chake. Mjane aliyejenga banda la kuku kwenye mpaka ataachia? Mwenye baraza la biashara je? Hapo elimu ya sheria, uchumi na tabia za watu inatumika yote kwa alasiri moja, na ikifanikiwa itazuia kuhara kwingi kuliko chupa nyingi za dripu. Sijui kozi yoyote ya tiba inayofundisha mazungumzo ya namna hiyo.

Uhamishaji wa watu ni somo gumu zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na serikali ikawapa baadhi ya waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, umbali wa kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya jiji. Kwa upande wa maji, uamuzi ule una hoja isiyopingika. Bonde la Msimbazi limeendelea kufurika. Lakini ningependa kila mwanafunzi wa shahada hii apewe Mabwepande kama zoezi, na aulizwe maswali ambayo mchoro wa viwanja hauulizi. Mama lishe wa Kariakoo atatumia nauli kiasi gani kwa siku, na nauli hiyo itatolewa katika fungu lipi la chakula cha watoto? Mjamzito atajifungulia wapi mwaka wa kwanza, kabla zahanati haijajengwa? Anayetumia dawa za kifua kikuu kwa miezi sita, akiwa mwezi wa pili, kadi yake inahamia kituo gani, na nani amekiarifu? Akijibu vizuri apewe alama za juu, hata kama mistari yake imepinda.

Ndiyo maana pendekezo langu ni kwamba muhula mmoja wa epidemiolojia, yaani elimu ya mwenendo wa magonjwa katika jamii, uwe sharti kwa kila anayesoma miji, wala usiwe kozi ya hiari ambayo wachache huichagua kwa sababu ratiba imeacha nafasi. Pingamizi ninalijua: mitaala imejaa, na kila taaluma inadai kipindi. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya takwimu inayofundishwa tayari inaweza kufundishwa kwa mifano ya magonjwa badala ya mifano ya mauzo ya bidhaa, na wiki mbili za kazi ya uwandani zinaweza kufanyika zahanati, mwanafunzi akisoma rejista ya wagonjwa wa nje na kuuliza wanatoka mitaa ipi. Hilo halidai mwaka wa ziada.

Deni hilo lina upande wa pili. Mwanafunzi wa udaktari huweza kufika mwaka wa tano akijua majina ya mishipa yote ya mkono, huku hajawahi kusoma mchoro wa mipangomiji wa kata anayoishi. Katika historia ya mgonjwa tunaandika umri, jinsia na makazi, na kwenye makazi tunaandika neno moja, "Mbagala" au "Manzese", sehemu zenye watu wengi kuliko miji mingine ya mikoa. Tukiandika mtaa na shina, mtu wa miji atakuwa na kitu cha kuweka kwenye ramani yake. Tusipoandika, tusimlaumu.

Kwa kijana aliyekwisha kuamua, ushauri wa vitendo ni huu. Kabla ya kuthibitisha chuo, aombe orodha ya kozi za miaka yote, na asiridhike na jina la shahada. Atazame kama historia na takwimu ni za lazima. Aulize ni wiki ngapi za uwandani kila mwaka, nani hulipia nauli na malazi ya huko, na kama tasnifu ya mwisho hudai data zilizokusanywa na mwanafunzi mwenyewe. Aulize kama programu inatambuliwa na bodi inayosajili wataalamu wa mipangomiji, maana jibu litaathiri kazi atakazoweza kuomba katika halmashauri. Na likizo hii, kabla vyuo havijafunguliwa, aende ofisi ya serikali ya mtaa wake, aombe kuoneshwa ramani ya mtaa kama ipo, kisha aizungukie mipaka yake yote kwa miguu, akiwa na daftari.